Maswali ya wasomaji: Kambale anayepanda maporomoko

Nimesikia kuna kambale anayepanda ukuta wa maporomoko. Kweli, au ni chumvi ya wavuvi? (Msomaji, Ujiji)

Kweli kabisa. Ni samaki wa jenasi ya Astroblepus, wakazi wa vijito vya milima ya Andes huko Amerika Kusini. Wengi ni wadogo, hawafiki sentimita 15. Mdomo uko chini ya kichwa na una midomo mipana ya kunyonya. Akiubandika kwenye mwamba, anavuta mbele mapezi ya tumboni, ambayo nayo hung'ang'ania jiwe. Yakishashika, mdomo unaachia na mwili unasogea juu. Anapumuaje huku mdomo umebanwa? Kila upande tundu la matamvua limegawanyika: maji huingia juu, hutokea chini. Hilo ndilo linalonistaajabisha zaidi.

Mwanangu kasoma kuwa volkano za Ecuador hutema samaki hawa. Inawezekana? (Mama, Kibondo)

Alexander von Humboldt, mtafiti Mjerumani aliyefika huko 1802, ndiye aliyeieneza habari hiyo. Lakini mama, samaki hakai motoni. Tope la mlima likiporomoka huzoa vijito na viumbe wake.

Naweza kumfuga bwawani? (Mfugaji, Kasulu)

Hapana, ndugu yangu. Anataka maji baridi yanayokimbia, yenye oksijeni tele. Kambale wetu wa bwawani ana kiungo cha kuvuta hewa, ndiyo maana unamkuta sokoni bado anapumua ndani ya beseni lenye maji kiduchu. Tena tusikimbilie samaki wa kigeni. Ziwa Titicaca la huko huko Andes, mita 3,812 juu ya usawa wa bahari, lilipandikizwa samaki aina ya trauti. Samaki wa asili, Orestias cuvieri, ametoweka. Tanganyika ina samaki wengi wasiopatikana kwingine kokote duniani. Tukiwapoteza, hakuna pa kuwafuata.

Kwetu hakuna kambale wa mlimani? (Mwanafunzi, Kigoma Mjini)

Tanzania wapo, jenasi ya Amphilius. Macho yako juu ya kichwa, mapezi mapana yamelala chini kumshikilia kwenye mkondo, na hula wadudu wa majini. Mkilima mpaka ukingoni, udongo huziba nafasi kati ya mawe anamojificha. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Waambie na wazazi.