Fedha za Tiba ya Waraibu Mikoani Hutoka Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mtoto wa mdogo wangu alianza kutumia heroini alipokuwa akifanya kazi Mwanza, na sasa anakunywa methadone, dawa ya kutibu uraibu huo, katika kliniki ya huko. Tungependa arudi nyumbani tumlee, lakini anaogopa kukatiza dozi. Je, huduma hizi hulipiwa na nani, na wananchi tupitie wapi ili mkoa wetu utengewe fedha za kutosha? – Mama Mkubwa, Isevya, Tabora.

JIBU: Mama Mkubwa, pole kwa mzigo huo, na hongera kwa kutomkatia tamaa mtoto. Kwanza kabisa, asipande gari la Tabora kabla kliniki yake haijampangia uhamisho na kuthibitisha atakapopokelewa. Kwa kawaida methadone hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Anayeikosa kwa siku kadhaa hupata arosto, yaani mateso ya mwili kukosa dawa, na hata akirudi hawezi kupewa dozi ileile bila kupimwa upya.

Katika kliniki za serikali mgonjwa halipii dawa hiyo. Tangu huduma ilipoanza Muhimbili mwaka 2011, serikali imetoa majengo na watumishi, ilhali sehemu kubwa ya gharama imebebwa na wafadhili, hasa mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI pamoja na Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, kwa kuwa kuchangia sindano hueneza VVU. Ndiyo maana Marekani ilipotangaza kusimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 mnamo Januari 2025, jambo hilo liligusa moja kwa moja tiba ya aina hii. Dawa inayopaswa kunywewa kila siku haistahili kutegemea uamuzi wa nchi nyingine. Kwa maoni yangu, hapo ndipo fedha zetu wenyewe zinapaswa kuanza kuelekezwa.

Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2015, husimamia mapambano haya kitaifa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, iko chini ya Wizara ya Afya, kwa hiyo maombi yake hupitia uongozi wa hospitali hadi wizarani. Zahanati na vituo vya afya, kwa upande mwingine, hupangiwa fedha katika mpango wa afya wa halmashauri. Huko ndiko sauti yenu inakofika kwa urahisi zaidi: lisemeni jambo hili katika mkutano wa mtaa, liingie katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha diwani alifikishe kwenye Baraza la Madiwani. Fanyeni hivyo mapema, kwa sababu mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na makisio huandaliwa miezi mingi kabla. Mkisubiri Bunge la bajeti, hesabu zitakuwa zimekwisha kufungwa.

Mtakapoomba, nawasihi msianze na jengo. Ombeni wauguzi waliofunzwa, mshauri nasaha, ofisa ustawi wa jamii na utaratibu wa kuwasaidia wagonjwa wa mbali, maana anayeishi Sikonge au Urambo hawezi kugharimia nauli ya mjini kila siku, hata kama dawa ni ya bure. Kumbukeni pia kwamba methadone hutibu uraibu wa heroini na dawa za jamii yake, wala si wa bangi au gongo. Wanaosumbuliwa na hivyo wanahitaji huduma za afya ya akili na ushauri nasaha, ambazo nazo lazima zitengewe fedha.

Mwanao atakapotulia, ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 kati yake ni ya vikundi vya vijana. Hutolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo atafutiwe wenzake wa kuungana nao.