Kabla ya Kumfungia Kopepoda Kwenye Chupa, Mtazame Akila

Jaribio langu la kwanza la kupima ulaji wa kopepoda, mnyama mdogo sana wa majini, lilinipa jibu lisilowezekana. Nilijaza chupa maji ya bahari yenye mwani wa kutosha, ule wa chembe ndogo zinazoelea, nyingine nikazitia wanyama, nyingine nikaziacha bila mnyama hata mmoja ili ziwe za kulinganishia. Baada ya saa 24 nikahesabu chembe za mwani kwa hadubini. Chupa zenye wanyama zilikuwa na mwani mwingi kuliko zile zisizo na mlaji. Nikahesabu upya. Nikahesabu mara ya tatu, siku nyingine, macho yakiwa yamepumzika. Jibu likabaki lile lile: ni kana kwamba wanyama wale walikuwa wamepanda mwani badala ya kuula.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Nilichokosea ni wazo nililoanza nalo. Kopepoda ni mnyama wa ukoo wa kaa na kamba, mara nyingi ana urefu wa milimita 1 au 2 tu, naye huelea akichukuliwa na mikondo. Kwa udogo wake nilimchukulia kuwa chujio: maji yanaingia, mwani unabaki, maji yanatoka. Kama nawe unaanza kazi hii, iwe kwa ajili ya masomo au kwa kufuga chakula cha vifaranga vya samaki, ninalokusihi ni hili: kabla ya chupa, kaa kwenye hadubini siku mbili tatu umtazame akila.

Mweke kwenye chombo kidogo cha kioo chenye maji ya kumtosha kuelea bila kugusa kuta. Taa iwe hafifu, na uizime kila baada ya muda mfupi, maana hupasha maji joto upesi na mnyama huanza kuhangaika. Mwache atulie. Baada ya muda utaona viungo vya karibu na mdomo vikitikisika kwa kasi mpaka vinaonekana kama kivuli. Hapo acha kumkodolea macho yeye. Chagua chembe moja ya mwani iliyo mbali naye kidogo, uifuate hiyo. Itajongea taratibu, itapinda njia kumwelekea, na ikishakaribia, taya zake za pili zenye nywele ndefu zitatanuka ghafla na kuifumbata. Wakati mwingine ataipeleka kinywani. Wakati mwingine ataishika kidogo, kisha aitupe. Siku nilipoona chembe ikitupwa kwa mara ya kwanza niliacha kuandika, nikabaki nimeinamia hadubini mpaka shingo ikauma.

Hata wataalamu walimwona kama chujio kwa miaka mingi, na sababu inaeleweka: viungo vile vina nywele zilizopangika kama meno ya kitana. Lakini mwaka 1981 watafiti wawili, Mimi Koehl na Rudi Strickler, walichapisha walichokiona kwenye filamu za kasi kubwa. Kwa mwili mdogo namna ile maji huwa mazito kama asali, wala hayapenyi kirahisi kati ya nywele. Kiungo chenye nywele hufanya kazi ya kasia, si ya reki. Kopepoda hulisukuma tonge zima la maji lililobeba chembe, akalifungia ndani, kisha akayakamua maji.

Na anachagua. Kopepoda wa jenasi Acartia waliwahi kupewa vishanga vya plastiki pamoja na mwani, wakaonyesha kwamba wanaweza kuvikwepa vishanga na kula mwani. Acartia tonsa ana jambo jingine linalonivutia zaidi: ana mitindo miwili ya kula. Penye mwani mwingi usiojongea, hutengeneza mkondo na kuvuta chakula. Penye siliati, yaani viumbe vya seli moja vinavyoogelea kwa vinyweleo, hunyamaza, akazama polepole huku akisikiliza mtikisiko wa maji kwa vipapasio vyake, kisha akaruka na kukamata. Oithona, kopepoda wa jenasi nyingine, yeye ni mviziaji tangu mwanzo. Ukimtafutia mkondo wa kula hutauona.

Hapo ndipo fumbo la chupa zangu lilipofumbuka. Nilirudi kwenye sampuli nilizohifadhi kwa iodini, safari hii nikahesabu siliati badala ya mwani. Penye kopepoda walikuwa karibu wamekwisha. Wanyama wangu waliwapenda siliati, na siliati ndio waliokuwa wakila mwani. Walipoondolewa, mwani ukapata nafasi ya kuongezeka. Kwa hiyo ukitumia maji halisi ya bahari, hesabu kila kilichomo, hata kama swali lako linahusu mwani peke yake.

Kuhusu chupa zenyewe: zijaze mpaka pomoni pasibaki kiputo cha hewa, na zizungushwe polepole mfululizo, la sivyo mwani hutuama chini na mnyama akabaki juu bila chakula. Wahamishe kwa pipeti yenye mdomo mpana, wakiwa ndani ya maji muda wote. Usiwashindishe njaa kwanza ukidhani utapata matokeo makali. Mwenye njaa hula kwa pupa saa za mwanzo, nawe utaichukua pupa hiyo kuwa desturi yake. Mimi huwapa siku nzima ya kuzoea chakula kile kile nitakachopimia.

Kama huna vifaa vya kuhesabia chembe, tazama tumbo. Mwili wake unapenyeza mwanga, na mwani aliokula huonekana kama mstari wa kijani au kahawia katikati. Fanya haraka, kwa maana kwenye maji ya joto tumbo linaweza kuwa tupu kabla saa moja haijaisha. Kinyesi chake nacho ni ushahidi mzuri: hutoka kama vipande virefu vilivyofungwa kwenye utando, ambavyo ukiviokota kwa uangalifu unaweza kuvihesabu kimoja kimoja.

Na angalia saa. Aina nyingi hushinda kina kirefu mchana na kupanda juu usiku kula gizani, mbali na macho ya samaki. Niliwahi kuvua mchana tu kwa wiki nzima nikakuta matumbo mengi meupe, nikaanza kuilaumu bahari kwa uhaba wa chakula. Kisha tukavua saa nne usiku mahali pale pale, kwa wavu ule ule. Nilipomimina wavu kwenye ndoo na kuchota tone la kwanza, takriban kila mnyama niliyemwona alikuwa na ule mstari wa kijani.