Mstari ulionyooka ulinidanganya: kupima methanoli kwenye gongo

Nilipoanza kupima methanoli, pombe yenye sumu, kwenye gongo kwa kromatografia ya gesi (mashine inayogeuza sampuli kuwa mvuke na kutenganisha kemikali zake), imani yangu yote ilikuwa kwenye mstari wa kalibresheni, ule unaochorwa kwa stendadi, yaani miyeyusho ya kiasi kinachojulikana, ili kusoma kiasi kilichomo kwenye sampuli. R², kipimo cha jinsi nukta zinavyokaa kwenye mstari, ikifika 0.999, basi, naingiza sampuli. Siku moja mwenzangu alichukua methanoli ya chupa nyingine kabisa, akatengeneza stendadi mpya ya miligramu 100 kwa lita. Mashine ikaisoma 117.

Tulihangaika na mashine nusu siku. Tukabadili septa (kizibo ambacho sindano hutoboa), tukakata ncha ya kolamu (mrija unaotenganisha kemikali), tukasafisha kigunduzi. Bure. Kumbe stendadi zetu zilikuwa zinafunguliwa kila asubuhi, na methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7 tu. Ilikuwa ikitoroka kidogo kidogo, lebo ikibaki vilevile. Kwa kuwa zote zilipungua karibu kwa uwiano mmoja, mstari uliendelea kunyooka, na kila sampuli ikaonekana na methanoli nyingi kuliko iliyokuwamo. Tulizirudia zote. Namba kama hizo zinaweza kumfikisha mtu mahakamani, na usiku ule sikupata usingizi.

Mtaniuliza, si mlikuwa mnaweka propanoli kama stendadi ya ndani, yaani kemikali ya kulinganishia inayoongezwa kwa kiasi kilekile kila mara? Tuliweka, na nawasihi msiiache, maana mkono ukivuta sindano pungufu, propanoli nayo hupungua na uwiano wa vilele, yaani alama ambazo mashine huchora kwa kila kemikali, unabaki palepale. Lakini inaongezwa mwishoni, kwenye kichupa. Methanoli iliyotoroka wiki iliyopita haiwezi kuirudisha.

Jambo jingine ni maji. Mikrolita 1 ya maji ikiingia kwenye injekta (chumba cha moto sampuli inapoingilia) ya nyuzi 250, kwa mgandamizo wa psi 10, inafura hadi kufikia mililita 1.4 hivi za mvuke. Mrija wa kioo mle ndani mara nyingi haubebi hata mililita 1. Mvuke unafurika kuelekea kwenye septa na njia za gesi, kisha unarudi kuchafua sampuli inayofuata. Ingiza kiasi pungufu, au pima hewa iliyo juu ya sampuli ndani ya kichupa kilichofungwa. Ukichagua hewa, stendadi ziwe na ethanoli kwa asilimia ileile ya sampuli, kwa sababu ethanoli hubadilisha jinsi methanoli inavyotoka majini.

Na kalibresheni ya ethanoli usiitumie kwa methanoli. Kigunduzi cha FID, kinachotumia mwali wa moto, huhesabu kaboni inayoungua, na kaboni pekee ya methanoli tayari imeshikwa na oksijeni, hivyo uzito uleule hutoa kilele kidogo zaidi.

Siku hizi kila baada ya sampuli 10 napitisha stendadi ya chupa nyingine. Ikipotoka zaidi ya asilimia 5, nasimamisha kazi. R² naiangalia baadaye. Kwanza narudisha kila nukta kwenye mstari nione inasoma ngapi, hasa ile ya chini kabisa, maana hapo ndipo kosa hujificha. Stendadi nazigawa kwenye vichupa vya kutumika mara moja, vilivyojazwa hadi shingoni, na kwenye lebo naandika pia tarehe ya kufungua.