Kabla hujajaza shimo, lisome

Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya fizi, mwaka wangu wa pili kazini nilimpandikizia mfupa mama mmoja ambaye meno yake ya mbele ya chini yalikuwa yanacheza. Siku ya kumi akarudi, akafungua leso mezani: punje nyeupe, kama chumvi ya mawe. "Daktari, mfupa wako huu hapa."

Mikono haikuwa na kosa, nilikosea kusoma picha ya eksirei. Mfupa wake ulikuwa umeshuka usawa mmoja kutoka jino hadi jino, kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Punje zingeshikwa na nini? Panapofaa kupandikiza ni kwenye shimo la wima ndani ya mfupa, kando ya mzizi wa jino, jembamba, lenye kina cha milimita 3 au zaidi. Likizungukwa na kuta tatu za mfupa, furahini. Likiwa na ukuta mmoja, nawashauri mkae chini kwanza.

Na msikimbilie kisu. Ondoeni ukoga na ugaga hadi chini ya fizi, mfundisheni mgonjwa mswaki na usafi wa katikati ya meno, halafu baada ya kama miezi 3 mpime upya kina cha mifuko, yaani nafasi kati ya fizi na jino, sehemu sita kwa kila jino. Mfuko wa milimita 6 unaweza kurudi 4, upasuaji ukafutwa. Mvutaji sigara na mwenye kisukari kilichopanda mimi huwaahirisha. Wananung'unika, sawa.

Siku ya kazi, kwangueni ile nyama laini yote shimoni na mzizi uwe safi kabisa. Punje zilowe damu ya mgonjwa, zifike ukingo wa mfupa basi, wala msizishindilie, maana mishipa mipya ya damu inataka njia. Utando, kipande chembamba cha kufunika punje, unawekwa juu kwa sababu ngozi ya fizi hukua haraka kuliko mfupa. Ukiiachia itateremka ichukue nafasi. Fizi ishonwe ifunike yote bila kuvutwa.

Kuna jambo sikufundishwa. Mzee mmoja wa kanzu na kofia, ganzi imeshaingia, aliniuliza: "Mwanangu, hiyo ngozi ya mnyama gani?" Nikageuza boksi. Nguruwe. Tulisimama palepale. Tando nyingi za kolajeni, protini ya ngozi na mifupa, hutoka kwa nguruwe, na punje nyingi kwa ng'ombe, ambazo Mhindu naye anaweza kuzikataa. Siku hizi maboksi nayaweka mezani siku ya ushauri, tunasoma pamoja. Zipo punje za fosfeti ya kalisi za kiwandani, na upo mfupa wa mgonjwa mwenyewe, unaokwanguliwa taya ileile.

Akishashonwa, mswaki usiguse pale kwa wiki kadhaa, asukutue klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu mdomoni. Nanyi msichokoe na kipimo kabla ya miezi 6, hata hamu iwashike vipi.

Yule mama wa leso bado anakuja kusafishwa kila baada ya miezi 3. Meno yale nilimfungia waya kwa nyuma, na mahindi ya kuchoma anakula.