Jibu: Nianze na spika ya kati, sabufa au amplifaya?

Ndugu, umeuliza ubadilishe kipi kwanza kwenye seti yako ya sinema ya nyumbani, maana maneno ya waigizaji huyasikii vizuri. Amplifaya, yaani kikuza sauti, iache. Kutoka wati 50 hadi 100 unaongeza desibeli 3 tu. Sauti inapanda kidogo, haisafiki.

Mimi ningeanza na spika ya kati, kwani mazungumzo mengi ya filamu hupitia hapo. Ila kabla hujatoa hela, tazama ilipo. Yangu nilikuwa nimeisukuma ndani kabisa ya kabati la TV, watu wakawa kama wanaongea ndani ya pipa. Niliivuta hadi ukingoni, nikainyanyua mbele kidogo ielekee masikio, na mpya nikaghairi kununua.

Sabufa, yaani spika ya besi, ifuate. Iweke kwa muda pale unapokaa, piga wimbo wenye besi nzito, kisha tambaa kandokando ya kuta ukisikiliza (wa nyumbani watakucheka, vumilia). Utakapoisikia besi safi, isiyovuma, ndipo mahali pake. Kwenye mipangilio, mpaka kati ya sabufa na spika nyingine anza na Hz 80: sauti nzito za chini ya hapo iachie sabufa.

Spika za nyuma zisubiri.