Je, ninaandika blogu au ninaandika insha?

SWALI: Nimefungua blogu ya Kiswahili kuhusu kulima mboga kwenye magunia. Wenzangu wakisoma huniambia, "Hii ni insha ya mtihani." Je, ni sahihi kusema "leo nimeandika blogu"? Na blogu na insha zinatofautianaje hasa? – Msomaji wa Kasarani, Nairobi

JIBU: Tuanze na jina, kwa maana likinyooka, mengine huwa mepesi. Blogu ni mahali. Ni ukumbi wako mtandaoni ambamo maandishi hupangwa kwa tarehe, jipya likikaa juu. Unachokiandika leo ni chapisho, au makala. Sema basi "leo nimeandika makala kwenye blogu yangu" au "nimeweka chapisho jipya". Mwandishi wa gazeti hasemi "leo nimeandika gazeti", hata kama ukurasa mzima ni wake.

Upatanisho nao una mitego. Blogu iko katika ngeli ya i-/zi-: blogu hii, blogu hizi, "mablogu" hatuna haja nayo. Insha vivyo hivyo. Chapisho ni li-/ya-: chapisho hili, machapisho haya. Makala ndiyo huwatatiza wengi, kwa kuwa "makala haya" na "makala hii" zote zimeandikwa na watu wenye lugha yao. Shika moja. Kosa ni kuanza na "makala haya" na kumaliza na "makala hii" katika andiko lilelile.

Sasa tofauti yenyewe. Neno insha tulilipata kwa Kiarabu, na kiini chake ni kuunda, kutunga. Mwandishi Mfaransa Montaigne alipotoa insha zake mwaka 1580 aliziita majaribio, kwa kuwa alikuwa akilipima wazo huku akiandika. Blogu ina ukoo mwingine. Mwaka 1997 Mmarekani Jorn Barger aliunganisha neno la Kiingereza la wavuti (web) na lile la daftari la safari ya meli (log), ambalo kwa Kiswahili ni batli. Mwaka 1999 Peter Merholz akalikata neno hilo, weblog, likabaki kipande tunachokitumia leo: blog. Insha, basi, hutungwa ikakamilika na kusimama peke yake. Batli huendelea: ina tarehe, na ingizo la leo hutegemea la juzi. Ndiyo maana chapisho lako linaweza kuacha swali la wadudu lijibiwe wiki ijayo, ilhali insha ikifanya hivyo itakuwa na pengo.

Wenzako lakini hawailaumu insha kama fani. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, aliandika insha ambazo bado zinasomwa kwa raha. Wanachokisikia kwako ni insha ya karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya: insha mbili, kila moja isipungue maneno 400, kila moja alama 20. Msomaji wa insha hiyo ni mtahini. Ni kazi yake kuisoma hadi nukta ya mwisho, na anatafuta humo methali, tamathali na msamiati wa kutuza. Mwanafunzi hujifunza kumpa anachokitafuta, na tabia hiyo hubaki mkononi miaka mingi baada ya mtihani. Msomaji wako wa blogu yuko kwenye matatu Thika Road, simu mkononi, gunia lake nyumbani linanyauka. Hana deni lako.

Tazama mwanzo huu: "Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mchumia juani hulia kivulini." Kisarufi hauna doa. Ila unaweza kubandikwa juu ya makala ya kahawa, ya ng'ombe au ya mbolea bila kubadilisha neno, na hiyo ndiyo ila yake. Linganisha: "Sukuma wiki ya chini ya gunia hunyauka kwa sababu maji unayomwaga juu hayaifikii. Dawa ni nguzo ya mawe madogo katikati ya gunia, kutoka chini hadi juu." Sentensi mbili, na msomaji ameshajua tatizo, chanzo na tiba. Methali si haramu. Iweke pale inapofanya kazi ambayo maneno ya kawaida hayaiwezi.

Nafsi ndiyo sehemu ninayoiona ikiharibiwa zaidi. Insha ya shule hujificha nyuma ya "inasemekana" na "imebainika". Kwenye blogu msomaji anataka kujua nani anasema, kwa hiyo "nilipanda" ni bora kuliko "ilipandwa". Halafu kuna kuchanganya umoja na wingi: "Hamjambo wasomaji wangu? Leo utajifunza... kisha mwagilieni." Kila mtu husoma peke yake. Chagua nafsi ya pili umoja na uifuate mpaka mwisho: utajifunza, changanya, mwagilia.

Maneno ya wakati nayo huchacha. "Juzi", "mwezi huu" na "mvua iliyopita" yalikuwa na maana siku ulipoandika. Atakayekupata baada ya miaka 2 hatajua ni mvua ipi. Andika "mvua za vuli za 2023". Vilevile "kama nilivyosema hapo awali" haimsaidii aliyeingia kupitia kiungo cha rafiki. Taja jambo lenyewe na uliunganishe. Kiungo kibebe maneno yenye maana, mfano "namna ya kutoboa gunia bila kulipasua", maana "bofya hapa" haisemi anakwenda wapi.

Aya za insha hustahimili sentensi nane au kumi. Kwenye kioo cha simu aya hiyo huwa ukuta. Tatu au nne zinatosha, na hatua za kazi zipewe namba.

Kutoka kwa insha chukua jambo moja bila kulipunguza: hoja moja kwa kila andiko. Wanablogu wengi huliacha kwa kuwa hakuna anayehesabu maneno, kisha chapisho la mbolea linaishia kwenye bei ya mbegu. Hilo la pili lipe siku yake. Na ukigundua kosa baada ya kuchapisha, lirekebishe na uandike chini "Imesahihishwa", pamoja na tarehe. Insha iliyokusanywa haina nafasi hiyo. Blogu inayo, na aliyekwisha kuchanganya mbolea yake kwa kipimo chako cha kwanza ana haki ya kujua.