Je, Unahodha Ulimharibu Botham?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Moshi, na katika timu ya kriketi ya shule napiga na pia narusha. Tangu nikabidhiwe unahodha muhula huu, mikimbio na wiketi zangu zimepungua sana. Mwalimu wa michezo amenieleza kwamba Ian Botham wa Uingereza aling'ara upya alipoachia unahodha. Je, nami niachie?
Nahodha, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amekutajia mtu anayefaa, ila kisa hicho kina upande ambao husahaulika.

Botham alipewa unahodha mwaka 1980 akiwa na umri wa miaka 24, miezi michache baada ya mechi ya Bombay dhidi ya India, ambako alipata mikimbio 114 (alama za mpigaji) katika zamu moja na kuangusha wiketi 13, yaani kuwatoa wapigaji 13. Kabla yake, hakuna mwanamume aliyewahi kufikisha mikimbio mia katika zamu moja na pia wiketi kumi katika mechi hiyohiyo ya siku tano ya kimataifa. Kwa wanawake, Mwingereza mwenzake Enid Bakewell alikwisha kufanya hivyo mwaka 1979, naye anastahili kukumbukwa zaidi. Kisha Botham aliongoza mechi 12 bila ushindi hata mmoja, akapoteza nne, na katika zote hakufikisha mikimbio mia. Julai 1981, uwanjani Lord's, Australia ilimtoa bila mkimbio katika zamu zote mbili, naye akajiuzulu.

Mechi iliyofuata, mjini Leeds, nahodha akiwa Mike Brearley, Uingereza ililazimika kuanza papo hapo zamu yake ya pili ya kupiga ikiwa nyuma kwa mikimbio 227. Wiketi saba zilikuwa zimeanguka kwa mikimbio 135, lakini Botham alipiga 149 bila kutolewa, Bob Willis akaangusha wiketi nane, na Uingereza ikashinda kwa mikimbio 18. Kwangu mimi, hakuna zamu ya kupiga inayoipita hiyo.

Hata hivyo, kati ya mechi zile 12, tisa zilikuwa dhidi ya West Indies ya Clive Lloyd, timu ya nchi za Karibi iliyokuwa na warushaji wakali kama Michael Holding na Joel Garner. Hata baada ya kuvua unahodha, Botham hakuwahi kuifunga West Indies mikimbio mia katika mechi za siku tano. Kwa hiyo unahodha ulimwelemea, sikatai, lakini hauwezi kubebeshwa lawama yote, hasa ukizingatia kwamba Imran Khan wa Pakistan alipiga, akarusha na kuongoza hadi akatwaa Kombe la Dunia mwaka 1992.

Kabla hujaamua, tazama kwanza muhula huu mmecheza na timu zipi. Kama wapinzani ni walewale wa mwaka jana, basi mzigo uko katika uongozi, na mara nyingi tatizo la nahodha anayerusha ni kushindwa kujipangia mwenyewe zamu zake za kurusha. Huko Birmingham mwaka 1981 Botham hakutaka kurusha; Brearley ndiye aliyemsihi ashike mpira, naye akaangusha wiketi tano kwa mkimbio mmoja tu katika mipira 28. Mkabidhi naibu wako uamuzi wa lini urushe na lini upumzike, ujaribu hivyo hadi mwisho wa muhula, ndipo uzungumze na mwalimu wako kuhusu kuachia.